Ufuko wa Malale: Safari Yangu ya Kwanza Rumonge

Kwetu Kigoma, mtu huijua Burundi kwa masikio kabla ya macho. Husikika sokoni, redioni, na kwa shangazi aliyeolewa ng'ambo ya mpaka. Mimi nilivuka mpaka ukubwani, na kilichonipeleka ni jambo moja nililolisoma: kwamba zaidi ya miaka mia moja iliyopita watu wa ufuko ule walikusanywa kambini wakachomwa sindano ya dawa mpya ya malale iliyotoka Ujerumani. Nilitaka kupaona mahali penyewe.

Basi dogo lilinifikisha Manyovu asubuhi. Tukagongewa mihuri upande wetu, kisha Mugina upande wao, na papo hapo Kiha changu kikaanza kuelewana na Kirundi cha abiria wenzangu. Toka Mabanda barabara inateremka kwa kona kali. Baridi inabaki vilimani, michikichi inaanza, na ziwa linatokea chini lote kwa mara moja. Nyanza-Lac tulikaa sana. Petroli ilikuwa haba, magari yamepanga foleni kwenye kituo kisichokuwa na tone, na dereva aliyekubali kwenda Rumonge alitoza nauli aliyoitaka. Tulilipa.

Kaskazini ya hapo barabara hukatisha msitu wa Kigwena, kipande cha msitu wa tambarare kilichosalimika kati ya mashamba ya michikichi. Niliuangalia kwa makini kuliko wenzangu. Tambarare hii yote ya ziwani, wanayoiita Imbo, zamani ilikuwa na vichaka hadi majini, na vichakani kulikuwa na mbung'o. Mbung'o ndiye aliyeleta malale. Akimuuma mtu humtia kijidudu kinachokaa kwanza katika damu na tezi, halafu kinaingia ubongoni. Mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku, huchanganyikiwa, hukonda, na asipotibiwa karibu kila mara hufa.

Mwaka 1906 Robert Koch, bingwa aliyekwisha kupata Tuzo ya Nobel, alipiga kambi katika visiwa vya Ssese, Uganda, akijaribu dawa iliyoitwa atoxyl. Ndani yake mlikuwa na arseniki, sumu ile ile ya kuulia panya. Wagonjwa walipata nafuu, tezi zikanywea, kisha wengi wakarudiwa na ugonjwa. Dozi ilipoongezwa, baadhi yao walipofuka macho. Hata hivyo dawa na utaratibu wake vilisafirishwa hadi Ziwa Tanganyika. Chini ya Wajerumani, waliotawala hapa wakati ule, kambi za malale zilifunguliwa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, na kwingineko kwenye ufuko huu. Wasaidizi Waafrika walipita kijiji kwa kijiji wakipapasa shingo za watu kutafuta tezi zilizovimba. Vichaka vilifyekwa. Familia ziliamriwa kuhama ufukoni kwenda juu, mbali na nyavu zao na michikichi yao.

Nilishuka Rumonge jua limeanza kulegea. Mji unanukia mawese na samaki: mukeke wanabanikwa kando ya njia, ndagala wameanikwa kama tunavyoanika dagaa sisi. Kiswahili kimejaa mitaani, na nilijisikia niko Ujiji. Karibu na msikiti nilimkuta mzee ameketi kwenye benchi, nikampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Umetoka Kigoma? Basi wewe ni wa hapa hapa."

Nilimuuliza habari za malale. Yeye hakuyaona, lakini alikuwa na habari ya wazee wake: walihamishiwa milimani, na waliporudi walikuta pori limemeza viwanja vyao. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama dawa ya ugonjwa ule ilipatikana hatimaye. Nilimjibu kwa kirefu, na jibu hilo nalieleza hapa pia, maana sijui hadithi nyingine inayoonyesha waziwazi namna maskini wanavyongojea dawa.

Baada ya atoxyl zilikuja dawa nyingine, na mwaka 1949 ikaja melarsoprol kwa wale ambao ugonjwa umekwisha kufika ubongoni. Nayo ilikuwa ya arseniki. Iliunguza mishipa ikiingia, na iliua takriban mgonjwa mmoja kati ya ishirini. Iliendelea kutumika miaka hamsini na zaidi kwa sababu hapakuwa na nyingine. Kisha ikaonekana kwamba eflornithine, iliyobuniwa kwa ajili ya saratani, inaponya malale ya aina ya Afrika ya Kati na Magharibi bila kuua watu kiasi kile. Katika miaka ya 1990 utengenezaji wake ukasimama kwa kuwa wagonjwa hawakuwa na fedha za kuinunua. Ilirudi mwaka 2001, Shirika la Afya Duniani lilipopata ahadi ya kupewa bure, wakati ambapo dawa hiyo hiyo ilikuwa imeanza kuuzwa nchi tajiri kama krimu ya kupunguza nywele usoni mwa wanawake. Mzee aliniomba nirudie hapo. Nikarudia.

Mwisho wake ni mwema zaidi. Shirika la DNDi, lililoanzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya magonjwa yasiyo na soko, lilifukua fexinidazole, dawa iliyokuwa imeachwa kabatini tangu miaka ya 1980. Madaktari wa Kongo, ng'ambo ya maji tuliyokuwa tunayatazama, waliijaribu vijijini kwao pamoja na wenzao wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, na mwaka 2018 ikakubaliwa. Ni vidonge vya siku kumi, bila sindano. Ipo pia acoziborole, inayomezwa mara moja tu. Majaribio yake ya Kongo na Guinea, yaliyochapishwa mwaka 2022, yaliponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Mwaka 1998 wagonjwa karibu 40,000 wa malale waliandikishwa Afrika nzima. Tangu 2018 hawafiki 1,000 kwa mwaka.

Kesho yake asubuhi nilipita kwenye kituo cha afya. Kinamama walijaa uani, watoto wamelala mapajani, na kila niliyemsalimu alinitajia neno moja: malaria. Burundi imeumizwa nayo sana. Mlipuko wa 2000 na 2001 ulikuwa na visa zaidi ya milioni tatu, hadi milimani, klorokwini ikiwa imekwisha nguvu, na mwaka 2003 nchi ikahamia dawa mseto. Machi 2017 serikali ilitangaza mlipuko mwingine, baada ya mwaka mmoja uliokuwa na visa zaidi ya milioni nane katika nchi ya watu kama milioni kumi na moja. Duniani, mwaka 2023, malaria iliua watu takriban 597,000, na karibu wote walikuwa Waafrika.

Dawa mseto bado inaponya, na kila mama aliyekuwa pale anafanya vyema kumpa mwanawe dozi yote. Lakini vimelea vyenye usugu kwa artemisinin, kiini cha dawa hiyo mseto, vimekwisha kuthibitishwa Rwanda, Uganda na kwetu Tanzania, mkoani Kagera. Ukiitazama ramani, kote huko ni karibu na Burundi. Klorokwini ilipodhoofika tulichelewa miaka mingi kuikubali hali hiyo, na watoto ndio waliolipa. Safari hii dawa mpya zipo njiani. Ganaplacide ikichanganywa na lumefantrine imefanya vizuri katika jaribio kubwa lililofanyika nchi kumi na mbili za Afrika, matokeo yakatangazwa Novemba 2025. Swali langu ni moja: zikikamilika, zitafika Rumonge baada ya muda gani?

Jioni nilishuka ufukoni. Watoto walikuwa wanaoga kati ya mitumbwi, na mmoja hakuzidi miaka mitatu. Katika maji ya namna hii konokono hubeba kichocho, na praziquantel, dawa yake tangu miaka ya 1970, haikuwa na kidonge cha mtoto wa umri ule. Kidonge cha watoto wadogo kiliungwa mkono na wakaguzi wa dawa wa Ulaya Desemba 2023, na Uganda ikaanza kuwapa watoto wake mwaka 2025. Mtoto mdogo alisubiri karibu nusu karne.

Yote niliyoyaona ufukoni Rumonge yananirudisha Abuja, Aprili 2001, ambako wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Nchi nyingi hazijaitimiza ahadi hiyo. Taasisi tunazo: Ifakara ya Tanzania, KEMRI ya Kenya, INRB ya Kinshasa, na kiwanda cha Kenya ambacho mwaka 2022 kilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kutengeneza dawa ya kuwakinga wajawazito na malaria. Zinahitaji fedha zetu wenyewe, ili utafiti wa dawa ya mtoto wa ziwani usingoje mnunuzi wa mbali. Bajeti inasomwa kila mwaka. Wewe unayesoma haya Kigoma, Bujumbura, Uvira au Nairobi, muulize mbunge wako ni kiasi gani mwaka huu kimetengwa kwa utafiti wa dawa, na umtake akutajie tarakimu.