Herufi Pembeni mwa Mchoro

Stoo ya michoro ya kiwanda chetu imebomolewa. Habari nilizipata kwa aliyekuwa fundi mitambo pale, naye alizipata kwa mkwewe anayekaanga chipsi mbele ya geti. Kiwanda chenyewe kilikufa siku nyingi. Majengo yake sasa ni maghala ya mchele, yadi ya magari ya mitumba na kanisa moja lenye spika kubwa. Ila chumba kile kilikuwa kimesalia, nadhani kwa kuwa kilikuwa na mlango wa chuma ambao hakuna aliyejua ufunguo wake uko wapi. Safari hii wameukata mlango, chuma kimeuzwa kwa kilo, na karatasi zimekwenda kwa wauza dagaa.

Sitaki kukililia kiwanda. Waliovililia viwanda ni wengi, na yaliyotokea kila mtu anayajua. Ninayetaka kumkumbuka ni bwana stoo, na jambo alilokuwa akitulazimisha kulifanya kabla hajamruhusu mtu kugusa mchoro.

Barua yangu ya ajira ina mhuri wa 1979. Hiyo ndiyo tarehe pekee niliyo na ushahidi nayo. Nyingine ziende zinakotaka. Niliajiriwa mchoraji msaidizi, ofisi ikiwa juu ya karakana, sakafu ikitetemeka mchana kutwa kwa mitambo ya kufumia. Tulichora mashine, mabomba na majengo, lakini kazi iliyoniangukia mimi ilikuwa chati za mtiririko: kitambaa kinaingia wapi, kinafanywa nini, kinasubiri wapi, nani anakikagua, kinatoka kwenda wapi.

Alama zilikuwa tano. Duara ni kazi, mshale ni kusafirisha, mraba ni kukagua, herufi D ni kusubiri, na pembetatu iliyosimama kwa ncha ni kuhifadhi. Chanzo chake ni Wamarekani wawili, mume na mke, Frank na Lillian Gilbreth, waliowaonyesha wahandisi wenzao chati za kazi mwaka 1921. Chama cha wahandisi mitambo cha huko kikaja kuzipunguza alama hizo zikabaki tano mwaka 1947. Kwa alama hizo tano niliweza kuifuata khanga tangu ikiwa kitambaa kibichi: kupitishwa motoni kuunguza manyoya, kutolewa wanga, kuchemshwa kwa magadi makali, kupaushwa kwa klorini, kuoshwa, kukaushwa, kuchapwa, kuivishwa kwa mvuke, kuoshwa tena, kukunjwa.

Tulichora kwa wino kwenye karatasi ya tresi. Shuka ya A1, milimita 594 kwa 841, kalamu ya Rotring ya 0.35 kwa mistari ya kawaida na ya 0.5 kwa maumbo. Ukitaka kufuta unakwangua kwa wembe, polepole, kisha unasugua kwa ukucha ili karatasi irudi kuwa laini. Ukikwangua mara ya pili mahali palepale, wino unatambaa. Mara ya tatu karatasi inatoboka. Kwa hiyo mtu alifikiri kwanza.

Nakala zilitoka kwenye mashine ya amonia. Tresi iliwekwa juu ya karatasi iliyopakwa dawa, mwanga ukaiunguza dawa yote isipokuwa ile iliyokingwa na mistari, halafu mvuke wa amonia ukaitokeza mistari hiyo kwa rangi ya bluu iliyokaribia zambarau. Mashine ikiwashwa, harufu ilikupanda puani kama choo cha stendi saa nane mchana. Macho yalitoka machozi. Nguo zako zilinuka mpaka nyumbani, na kwenye basi watu walikupisha. Mpaka leo nikipita mahali wanaposafisha vioo kwa dawa yenye amonia, nasimama. Naiona korido ile, dirisha lililofunguliwa kwa kigingi cha mbao, na mlangoni mwa stoo mzee mwenye koti la kaki na miwani iliyofungwa kwa uzi.

Jina lake silitaji. Sote tulimwita bwana stoo, hata meneja. Hakuwa mchoraji. Elimu yake ilikuwa darasa la nane la zamani, na alikuwa na mwandiko ambao ungeweza kuuchapa kitabuni. Makabati yake ya chuma yalikuwa na droo pana zisizo na kina, michoro ikilazwa humo bila kukunjwa. Ufunguo ulikaa shingoni mwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sababu?"

Ndivyo mazungumzo yalivyoanza kila siku. Hakukuuliza hali wala mchoro gani. Aliuliza sababu, akiwa tayari amefungua daftari lake jeusi lenye safu tano: namba ya mchoro, herufi, tarehe, aliyeomba, sababu. Tresi ya asili haikutoka kwenye droo mpaka safu ya tano ijae.

Wageni walijaribu kumpa jibu la haraka. Walimwambia wanataka kuboresha.

"Kuboresha si sababu," alisema. "Kila anayekuja hapa anaboresha. Nini kimetokea?"

Na kweli, ukibanwa hivyo unajikuta unaeleza: pampu imehamishwa, zamu ya usiku imepungua watu, mkaguzi ameagiza. Hayo ndiyo aliyoyaandika. Ukimaliza kurekebisha, unaweka pembetatu ndogo yenye herufi ya marekebisho kando ya sehemu uliyoigusa, na herufi hiyohiyo unaiandika kwenye jedwali la pembeni, kulia chini, ikiwa na tarehe na sahihi tatu: aliyechora, aliyekagua, aliyeidhinisha. A, B, C na kuendelea. Herufi I na O tuliziruka zisije zikasomwa moja na sifuri.

Baada ya hapo bwana stoo mwenyewe, na tarishi nyuma yake, alizunguka kiwanda kizima kukusanya nakala za zamani. Alijua kila nakala imebandikwa ukuta gani. Nakala moja ya kila herufi aliipiga mhuri wa IMEFUTWA akaitunza. Zilizobaki zilichomwa mbele yake. Mzigo wa kitambaa ulioanza safari yake chini ya herufi C ulimaliza kwa C, na kadi iliyofungwa kwenye toroli yake iliandikwa hivyo. Uliofuata ndio ulioanza na D. Hakuna aliyebadilishiwa njia akiwa katikati.

Hiyo D naikumbuka vizuri. Khanga zilirudishwa na wenye maduka, maua mekundu yamefifia vipandevipande. Mkemia wa maabara alipochunguza aliona klorini ya kupaushia haikutoka yote wakati wa kuosha, ikabaki kwenye nyuzi na kuila rangi. Maji ya bomba yalikuwa hafifu miezi ile. Dawa ikawa mraba mmoja, kati ya kuosha na kukausha: mkaguzi anagusisha kitambaa kibichi kwenye kikaratasi chenye wanga na iodidi. Kikigeuka bluu, klorini bado ipo, mzigo unarudi kuoshwa. Nilichora mraba ule mwenyewe, upana wake haufiki sentimita moja. Kwenye jedwali la pembeni palikuwa na nafasi ya maneno matatu tu: "Kipimo cha klorini." Daftarini bwana stoo aliandika mistari minne: khanga zimerudi kutoka wapi, maji yana hali gani, nani ameshauri, na kwamba kipimo kifanyike kabla ya kukausha kwa kuwa baada yake ni kazi bure.

Watu walimlalamikia. Walisema anachelewesha kazi, na alichelewesha kweli. Kuna siku mashine ilisimama tukisubiri sahihi ya tatu ya mtu aliyekwenda mazikoni. Sidai ulikuwa utaratibu wa malaika. Lakini uliposimama mbele ya chati yoyote mle ndani ulijua ni ya lini, imebadilishwa mara ngapi, na ukitaka kujua kwa nini, ulikuwa na mlango wa kugonga.

Kisha zikaja kompyuta, pamoja na wamiliki wapya. Programu ya AutoCAD ilikuwa imetoka Marekani tangu 1982, lakini sisi ilitukuta katikati ya miaka ya tisini, ikiwa kwenye disketi. Majina ya mafaili wakati ule yalikuwa na mwisho wa herufi nane. Jaribu kuandika kisa cha khanga zilizorudishwa kwa herufi nane. Tukawa na CHATI1, CHATI2, CHATIMPY, na moja iliyoitwa BOSI.

Wamiliki wakaleta washauri wa kupanga upya kazi. Vijana wazuri, wenye adabu, mashati meupe. Walichora chati zote upya, safi kuliko zetu, na juu ya kila moja wakaandika "Toleo 1.0", kana kwamba kiwanda kilizaliwa wiki ile. Mraba wangu waliuita hatua isiyoongeza thamani, wakauondoa. Kwa walichokiona hawakukosea: kwenye mchoro palikuwa na mraba na maneno matatu. Bwana stoo alikuwa amestaafu, na daftari lilikuwa nyuma ya mlango wa chuma. Khanga zilirudi msimu uliofuata. Zikatupiwa lawama rangi zilizoagizwa kutoka nje, wakabadilisha muuzaji wa rangi, zikarudi tena.

Miaka iliyofuata naipitia haraka kwa kuwa nayo ilipita haraka. Programu ya Visio, iliyotoka 1992 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2000, iliwafanya makarani wote kuwa wachoraji. Michoro ikawa inatumwa kwa baruapepe, kila mmoja ana yake, na kwenye kikao watu wanabishana hadi wagundue wanatazama karatasi tofauti. Mwaka 2004 zikaja alama za pamoja za kuchorea michakato ya kazi, BPMN. Toleo lake la 2.0 lilitoka Januari 2011, na 2013 likawa kiwango cha kimataifa cha ISO. Mraba wa kukagua haumo, D ya kusubiri haimo. Sawa, kila zama na alama zake.

Mpwa wangu anafanya kazi hiyo sasa, anachora michakato ya mikopo katika taasisi ya fedha. Alikuja nyumbani na kompyuta yake, nikamwomba anionyeshe wanavyotunza historia. Nikiri, nilifurahi. Programu inaweka kila toleo yenyewe, kwa saa na dakika na jina la aliyegusa. Ombi la mkopo lililoanza chini ya toleo la zamani linamaliza kwa toleo lilelile hata kama jipya limeshawekwa. Kadi ya toroli hiyo, nikamwambia. Akanieleza pia kwa nini kulinganisha matoleo ya mchoro ni kugumu kuliko kulinganisha maandishi. Faili la BPMN lina sehemu mbili: moja inasema hatua gani inafuata ipi, nyingine inasema kila kisanduku kimekaa wapi kwenye ukurasa. Ukisogeza visanduku kidogo tu ili vipendeze, namba kibao zinabadilika ilhali kazi ni ileile. Ukihamisha mshale mmoja uiruke idhini ya meneja, badiliko ni dogo sana, linapotea katikati ya hizo namba. Git, aliyoiandika Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza msimbo wa Linux, inalinganisha mstari kwa mstari, kwa hiyo hapo haimsaidii sana. Zipo programu zinazoweka michoro miwili pamoja na kupaka rangi kilichoongezwa na kilichotolewa. Na kwa kuwa kuunganisha kazi ya watu wawili waliochora kwa wakati mmoja ni balaa, nyingine zinamfungia mmoja mchoro mpaka aurudishe. Tresi moja, mtu mmoja. Mzee angeelewa bila kuelezwa.

Kisha nikamwomba afungue historia ya mchoro mmoja. Matoleo yalijaa kioo kizima. Safu ya maelezo ilikuwa tupu, tupu, tupu, "marekebisho", tupu, "kuboresha", tupu, "jaribio". Katikati pale hatua ya kumpigia simu mdhamini ilikuwa imeondolewa, siku ya Ijumaa saa kumi na moja jioni.

"Kwa nini iliondolewa?" nikamuuliza.

"Mjomba, aliyeiondoa alishahama. Lakini ukitaka, naweza kuirudisha sasa hivi, toleo la zamani lipo lote."

"Na huyo mdhamini aliwekwa kwa nini mwanzoni?"

Akacheka. Nilikasirika, na chai ikapoa. Mashine imekumbuka dakika, imekumbuka kisanduku kilikuwa wapi kwenye ukurasa, imekumbuka kila kitu ambacho bwana stoo hakuweza kukiandika hata angepewa makarani kumi. Kile kimoja alichokidai yeye hakimo. Kurudisha toleo la zamani ni rahisi siku hizi, na ndiyo maana hakuna anayejiuliza kama inafaa kulirudisha.

Haikosi programu nafasi ya kuandikia sababu. Sanduku la maelezo lipo kila unapohifadhi, na hatua inayoondolewa ndiyo inayolihitaji kuliko zote, kwa kuwa baadaye haitaonekana ili mtu aiulizie. Wewe unayechora, andika nini kimetokea, nani ameomba, na hatua ipi imeguswa. Mistari miwili inatosha. Na wewe unayesimamia wachoraji, baadhi ya programu hizi zinaweza kuwekwa zisipokee toleo jipya mpaka sanduku hilo lijazwe. Waombe mafundi wenu waliweke sharti hilo wiki hii, na likija jibu la "kuboresha", lirudishe.