Jumamosi za Katy

Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa nikisoma Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, na Jumamosi zetu zilikuwa za Katy, njia ya miguu na baiskeli iliyopita palipokuwa na reli. Tulishuka kwa baiskeli hadi McBaine, kisha tukashika njia ya Rocheport, Mto Missouri kushoto, majabali marefu kulia. Tulipishana na vikongwe wakitembea na watoto wakijifunza baiskeli. Hakuna aliyehema: treni haiwezi mlima mkali, kwa hiyo njia yake ililazwa, na juu yake yakashindiliwa mawe ya chokaa yaliyosagwa. Rocheport tulipita kwenye handaki la mwaka 1893, tukipiga kelele ili tusikie mwangwi.

Wenyeji waliokumbuka treni walitusimulia. Mafuriko ya Oktoba 1986 yaliibomoa reli hiyo ya kampuni ya Missouri–Kansas–Texas, na kampuni haikuifufua. Sheria ya Marekani ya mwaka 1983 iliruhusu tuta la reli kama hilo ligeuzwe njia ya watu, huku haki ya kurudisha treni siku moja ikihifadhiwa. Wenye mashamba wengi walipinga, wakidai ardhi irudi kwao. Mfadhili Ted Jones na mkewe Pat walitoa zaidi ya dola milioni 2 kwa ajili ya njia hiyo, na kipande cha kwanza kikafunguliwa Rocheport mwaka 1990. Mafuriko ya 1993 yaliharibu sehemu kubwa, ikatengenezwa tena. Leo njia ina urefu wa kilomita zipatazo 380.

Simulizi hizo zilinichoma, kwa kuwa mimi ni mtu wa Nachingwea, kusini mwa Tanzania. Waingereza walitujengea reli kutoka Mtwara kwa ajili ya mradi wao wa karanga. Mradi ukafa, na miaka ya mwanzo ya 1960 reli ikang'olewa. Nilizaliwa mataruma yakiwa yameshaondoka. Wazee walituonyesha kwa kidole tu ilikopita.

Kule Missouri ndiko nilikoelewa tulichopoteza. Chuma hununuliwa upya. Tuta likishamegwa huyu akapata shamba na yule kiwanja, kuliunganisha tena ni kesi, fidia na machozi. Leo, inapozungumziwa reli ya kutoka Mtwara kwenda Mbamba Bay, naikumbuka sheria ile. Popote reli inapofungwa, vyuma viuzwe ikibidi, lakini njia ibaki nzima mikononi mwa umma, watu waitumie mpaka treni itakapohitajika tena.