Ahadi ya 250

Seva za barua pepe huongea kwa tarakimu tatu. Ukibisha hodi, seva inayokukaribisha hujibu 220. Ukiitajia mtumaji hujibu 250, ukiitajia mpokeaji hujibu 250 tena. Ukisema sasa unataka kutoa barua yenyewe hujibu 354, yaani haya, lete. Unaisoma barua hadi mwisho, unaandika nukta moja peke yake kwenye mstari wake, kisha unangoja. Jibu linalokuja baada ya nukta hiyo ndilo zito kuliko yote. Likiwa 550, umekataliwa. Likiwa 451, kuna shida ya muda, jaribu baadaye. Likiwa 250, barua imeshatoka mikononi mwako.

Utaratibu huo uliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, katika waraka unaoitwa RFC 821, na seva za leo bado zinasalimiana vilevile. Toleo la 2008, RFC 5321, linaeleza uzito wa ile 250 ya mwisho: seva ikishaitamka, imebeba dhamana. Ama iifikishe barua, ama imwarifu mtumaji kwamba imeshindwa. Hairuhusiwi kuipoteza kwa sababu za kipuuzi, na hata mashine kuzimika baadaye kunahesabiwa humo. Sisi tuna neno la kitu cha mtu kinapokaa mikononi mwako. Ni amana.

Nilikuwa na miezi miwili tu kazini, katika shirika dogo la Dar es Salaam linalotoa ufadhili wa masomo, nilipoanza kulifikiria neno hilo kila siku. Nilikabidhiwa seva inayoendeshwa na Apache James. Jina ni ufupisho wa Java Apache Mail Enterprise Server. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuutumia, na inatunzwa na watu walio chini ya Apache Software Foundation. Maombi yote ya ufadhili yalipitia humo.

Ndani ya James barua haiendi sandukuni moja kwa moja. Inapangwa foleni, kisha inapitishwa kwenye vituo. Kila kituo kina mlinganishi, anayeuliza kama barua hii inamhusu, na meileti, inayofanya kazi yenyewe: kukagua, kuongeza kichwa, kuhifadhi, kusukuma mbele. Vituo hivyo unavipanga kwenye faili la XML, na meileti yako mwenyewe unaweza kuiandika kwa Java. Fikiria hospitali ya serikali: dirisha la kadi, daktari, maabara, dirisha la dawa. Mgonjwa anaweza kupata kadi asubuhi na mapema, akaelekezwa kwenye benchi ambalo hakuna muuguzi anayekuja kuita majina.

Siku mbili baada ya maombi kufungwa nilipigiwa simu na binti ambaye katibu muhtasi alimpa namba yangu.

"Shikamoo kaka. Samahani kwa usumbufu. Nimeambiwa ombi langu halijafika, lakini mimi nililituma Jumanne."

"Marahaba. Ulirudishiwa ujumbe wowote wa kusema limeshindikana?"

"Hapana kaka. Kimya tu."

Nilimpelekea habari mama mwenyekiti wa kamati. Alikuwa mpole, na alikuwa amechoka. "Mwanangu, hawa kila mwaka wana hadithi. Kompyuta inasema hakutuma."

Kompyuta haikuwa imesema hivyo. Hakuna aliyekuwa ameiuliza. Sandukuni barua haikuwepo, na kutokuwepo kwake kulikuwa kumegeuzwa ushahidi dhidi ya binti wa watu. Nilimwomba awasiliane na fundi wa chuo chake. Jioni akanitumia kipande cha kumbukumbu za seva yao: Jumanne, saa 10 na dakika 12 jioni, seva yetu ilipokea barua yake na kujibu 250. Kwa hiyo tuliipokea amana.

Nikafungua telnet kwenye bandari ya 25 na kuzungumza na seva kwa mkono, mstari kwa mstari. Kwa anwani yangu, barua ilipokelewa na kuonekana sandukuni papo hapo. Kwa anwani yake, ilipokelewa, 250, na isionekane popote. Maneno ndani ya barua yalikuwa yaleyale. Kilichotofautiana ni anwani ya mtumaji.

Jina la ukoo la binti yule ni la Kisukuma, linaanza na Ng'. Chuo chake huwapa wanafunzi anwani kwa kuunganisha jina la kwanza na la ukoo kama yalivyo kwenye daftari la usajili, kwa hiyo ile ritifaa ilikuwemo pia kwenye anwani. Masharti yetu yaliwataka waombaji watumie anwani za chuo. Alifuata masharti.

Kumbukumbu za James zilinionyesha safu ndefu ya makosa ya Java, na jina la klasi iliyoyatupa. Haikuwa klasi ya James. Ilikuwa meileti ya nyongeza, iliyoandikwa na fundi wa kabla yangu ili kupanga maombi kwa chuo. Ilikuwa na kanuni ya mstari mmoja ya kukagua anwani: herufi a hadi z, tarakimu, nukta, kistari na mstari wa chini. Chochote kingine, tupa kosa. Meileti inapotupa kosa, kwa kawaida James haiifuti barua, bali huihamishia njia ya makosa. Kwenye njia hiyo kulikuwa na mstari wa kumwarifu mtumaji, lakini ulikuwa umezimwa, na maelezo pembeni yalisema kwa nini: watumaji wa barua taka hughushi anwani, na seva inayojibu kila kitu huwasumbua watu wasiohusika. Sababu hiyo ni ya kweli. Kilichobaki ni kuhifadhi tu. Barua ilikuwa kwenye ghala la makosa, nzima, na viambatisho vyake.

Nilipolifungua ghala nilikuta barua 9 za maombi. Sikuhitaji kuzisoma. Majina yalitosha: Ng', Ng', Ong', Ng'.

Nilifungua msimbo wa James wenyewe kuona unavyozichukulia anwani hizo. Klasi inayoitwa MailAddress inaipokea ritifaa bila kunung'unika, kwa sababu kanuni zinairuhusu tangu 1982. Aliyeandika ile a hadi z alijiwekea mwenyewe picha ya jina la kawaida, na katika picha hiyo hapakuwa na ng'. Mtu huyu, kwa jinsi alivyoandika maelezo yake, ni Mswahili kama mimi. Amesema ng'ombe na ng'ambo tangu utotoni. Hapo ndipo niliposimama kwa muda mrefu kuliko kwenye kosa lenyewe. Ritifaa katika lugha yetu ni sehemu ya sauti, bila hiyo ng'oa inageuka ngoa, na bado tukikaa mbele ya kibodi tunaihesabu kama uchafu wa kusafishwa.

James ina njia ya kuzirudisha barua za ghalani kwenye foleni. Nilirekebisha kanuni, nikaijaribu kwa anwani zote 9, kisha nikazirudisha. Zilipita vituo vyote na kuingia sandukuni, kila moja ikiwa na kile kichwa ambacho seva hugonga barua inapopokelewa, chenye siku na saa. Zote zilifika kabla ya mwisho wa maombi. Nilizichapisha kurasa za vichwa na kumpelekea mama mwenyekiti. Alizisoma akiwa amesimama, akavua miwani, akasema, "Basi tuwaite wanakamati." Wakaitwa.

Binti hakuchaguliwa. Wawili kati ya wale 9 walichaguliwa. Nilimpigia mwenyewe, kwa kuwa niliona simu ile inanihusu. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Sawa kaka. Angalau sasa mmenikataa baada ya kunisoma."

Wiki hiyo niliuwasha tena mstari wa kuwaarifu watumaji, lakini kwa barua zilizokwama kwenye vituo vyetu wenyewe tu. Ukaguzi wa anwani niliuhamishia mlangoni, kabla ya nukta ya mwisho, ili kama tunakataa tukatae kwa 550 na mtu ajue. Anwani zenye herufi nje ya ASCII ziliwekewa kanuni zake mwaka 2012, na seva yetu bado haizipokei. Ile ritifaa iliyopinda, ambayo simu nyingi huiweka zenyewe, ni mojawapo ya herufi hizo. Mwenye anwani ya namna hiyo sasa anaambiwa pale pale.

Kwenye msimbo wa meileti nimeongeza majaribio yanayojiendesha kila tunapobadilisha kitu. Nimeyaandika kwa majina ya kubuni: ya Kisukuma, ya Kijaluo, ya Kikikuyu, na moja lenye ritifaa mbili. Mwezi uliopita kijana anayejifunza kazi kwangu alitaka kuyapunguza, akaona yanajirudia. Nilimwambia ayaache, kisha nikamwomba ayasome kwa sauti.