Mnara Ulioanguka Kati ya Safari Mbili



Tulipojaaliwa kufika Iskandaria, mji wa bandari wa Misri, tulisimama juu ya ngome ya Sultani Qaitbay, mawimbi yakipiga miamba chini yetu. Ngome hiyo ilijengwa karne ya 15 pale pale ulipokuwa mnara wa taa uliosifika duniani, uliosimamishwa kiasi cha miaka 280 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alayhi salaam. Ulipita mita 100 kwa urefu, nao ulikuwa na tabaka tatu: ya chini ya pembe nne, ya kati ya pembe nane, na ya juu ya mviringo. Usiku moto wake uliwaongoza mabaharia. Ibn Jubayr alipoupanda mwaka 1183 alikuta msikiti kileleni, akasali humo. Na neno letu “mnara”, tulilolipata katika Kiarabu, lina asili moja na nuru. Ndiyo maana twalitumia kwa taa ya mabaharia na kwa mahali pa adhana.

Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliuona mara mbili. Mwaka 1326 aliukuta upande mmoja umebomoka, lakini mlango wake, ulioinuka juu ya ardhi, ulifikiwa kwa mbao zilizotandikwa kutoka jengo la mkabala. Aliporudi mwaka 1349, hata mlangoni hapakufikika. Matetemeko ya ardhi yaliuvunja kidogo kidogo. Sultani an-Nasir Muhammad alianza kujenga mwingine kando yake, mauti yakamfikia kabla hajaumaliza.

Hapo tuliukumbuka mnara wa msikiti wetu wa mtaani. Ufa wake twaujua. Kila Ramadhani twasema, “Baada ya Idi, inshaallah,” na Idi tatu zimepita. Kina mama walikwisha kuchanga. Sanduku likakaa bila fundi kuitwa, nasi tulikuwa miongoni mwa wazee walioahirisha. Watoto madrasani twawafundisha kuziba ufa wasije wakajenga ukuta, na sisi wenyewe hatukufanya.

Tuliporejea tulimwita fundi. Aliupapasa ufa, akasema mawe ya matumbawe yangali na nguvu, ila masika yasitutangulie. Kazi imeanza Jumatatu. Sanduku lipo upande wa wanawake, kama kawaida. Safari hii lipo na la wanaume.