Kamionete ya Sentimeta 19



Kuna habari inayozunguka katika kikundi chetu kwamba mwalimu fulani na binti yake wanakaa usiku wakicheza na vigari vya watoto. Mwalimu huyo ni mimi. Habari ni ya kweli, isipokuwa neno "kucheza". Nimeomba nafasi katika barua yetu ya wiki hii nieleze kazi yenyewe, kwa sababu nyuma yake kuna jambo linalohusu kila mama mwenye binti anayemaliza mwaka wa 8.

Ni kazi ya kujenga magari ya zamani ya Marekani, yakiwa madogo, kwa plastiki. Hayanunuliwi mazima kama vigari vya sokoni. Unanunua kasha. Juu yake kuna picha ya gari linalong'aa, lakini ndani hakuna gari. Kuna fremu za plastiki zenye umbo la matawi ya mti, na kwenye kila tawi vimeshikamana vipande: nusu ya motere, kiti, bomba la moshi, usukani wenye upana wa kifungo cha koti. Taa na vioo viko kwenye tawi la peke yake linalopenyeza mwanga. Vile vinavyong'aa kama fedha viko kwenye lingine. Matairi ni ya mpira. Chini kabisa kuna karatasi ya michoro yenye namba na mishale, maneno machache. Mengine yote ni juu yako.

Makasha mawili tuliletewa na mtu aliyekuwa akirudi nyumbani. Aliyeyatuma ni mdogo wangu anayekaa Grand Rapids, jimbo la Michigan, ambako Wakongo wengi wa upande huu wamepata makao. Aliandika jina la kijana wangu juu ya kasha la kwanza. Kijana alikata vipande siku mbili, akarudi kwenye mpira wake. Dada yake, mwenye miaka 14, ndiye aliyeokota karatasi ya michoro chini ya meza, akaigeuza, akaniuliza: "Mama, hii namba 7 inaingia wapi?"

Kwamba vitu hivi vilitoka Michigan siyo ajabu. Jimbo hilo ndilo lenye mji wa Detroit, mji wa viwanda vya magari, na karibu na hapo, katika mji wa Troy, ndiko kampuni ya AMT ilikokaa. Ilianza mwaka 1948, na jina lake lilikuwa kifupi cha maneno yenye maana ya "vichezeo vya alumini", kwa kuwa kigari chake cha kwanza, Ford, kilikuwa cha alumini. Baadaye wakahamia plastiki. Wateja wao wa kwanza hawakuwa watoto. Walikuwa wauzaji wa magari makubwa. Baba akiingia dukani kutazama gari jipya, muuzaji alimpa mtoto kigari kinachofanana nalo kabisa. Mtoto akishakishika mkononi, baba amekwisha kukamatwa. Wafanyabiashara wale walijua nyumba inavyotawaliwa.

Mwaka 1958 AMT ikaleta makasha ya kujijengea mwenyewe. Kila kasha lilikuwa na vipande vya kutosha kuchagua njia tatu: gari kama lilivyotoka kiwandani, gari lililopambwa, au gari la mashindano. Njia moja ikichaguliwa, vipande vya zile nyingine vinabaki. Hakuna anayevitupa. Wajenzi wa magari haya wana kasha la mabaki nyumbani kama vile mshonaji ana mfuko wa vipande vya vikwembe, na gari la mwaka kesho hupata taa kutoka gari la mwaka jana.

Letu ni Ford F-100 ya mwaka 1953, gari ambalo sisi tunaliita kamionete: watu watatu mbele, mzigo nyuma. Jina F-100 lilianza mwaka huohuo, Ford ikitimiza miaka 50. Ina pua ya mviringo na macho mawili makubwa ya taa. Tate wa watoto wangu alipoona picha alisema, "Hii ilibeba mihogo, siyo masultani." Alisema vema. Ilikuwa gari la wakulima, mafundi na wenye maduka. Magari marefu yenye mabawa yanayopendwa kwenye picha, kama Chevrolet Bel Air ya 1957, yana makasha yao pia, lakini mimi nafurahi kwamba tulianza na gari la kazi.

Kipimo chake ni 1 kwa 25. Nafundisha hesabu, kwa hiyo niruhusuni hapa nikawie kidogo. Gari lenyewe lina urefu wa mita 4 na sentimeta 80 hivi. Gawanya kwa 25: ni sentimeta 19 na kitu. Mtu wa mita 1 na sentimeta 75 angesimama kando yake akiwa na sentimeta 7, kama kidole cha shahada. Kwa miaka kadhaa nimeandika ubaoni hesabu za ramani na vipimo, na wanafunzi wamenakili bila kuinua macho. Siku nilipopeleka mlango wa kamionete hii darasani na rula, nikawaomba wanipe urefu wa mlango wa kweli, hakuna aliyesinzia. Mmoja alijibu "mita 9", darasa likacheka, akahesabu tena mwenyewe.

Sasa kazi ya mikono. Gundi na rangi za kazi hii hushika moto upesi, na ndege hazikubali, kwa hiyo tulipata plastiki tupu. Ilibidi tutafute vyombo, na hapa ndipo nilipocheka, maana vyote vilikuwa tayari chumbani kwangu na kwa jirani. Vipande tulikata kwa makasi ya kucha. Kovu linalobaki pale kipande kilipokuwa kimeshikamana na fremu tulilisugua kwa tupa ya kucha. Kabla ya hapo tuliosha kila kitu kwa maji ya sabuni na mswaki wa zamani, kwa sababu plastiki hutoka kiwandani na mafuta ambayo hukataza rangi kushika. Vibanio vya nguo vilishika nusu mbili za motere mpaka zikakauka. Vijiti vya kuchokolea meno vilipaka kole penye nafasi ndogo kuliko punje ya mchele. Viti na motere vilipakwa verni ya kucha, na taa za nyuma zilipata tone moja la verni nyekundu. Mwili wa gari tuliuacha mweupe, tukausugua kwa dawa ya meno hadi ukang'aa. Ila angalieni: ile dawa ya kuondolea verni hulainisha plastiki na kuiharibu. Jaribuni kwanza kwenye fremu, siyo kwenye gari.

Najua neno "kole" limewashtua. Sote tumeona maibobo na chupa zao puani. Hata Marekani walipitia huzuni hiyo. Katika miaka ya 1960 vijana walianza kunusa gundi ya vigari hivi, na mwishoni mwa miaka hiyo kampuni ya Testors ikatia ndani ya gundi yake mafuta ya haradali, yenye ukali unaochoma pua, ili anayenusa ajute. Kwetu nyumbani kanuni ni hizi: kole inakaa kabatini mwangu, inatoka nikiwa nimeketi, dirisha likiwa wazi. Tunatumia ile ya haraka, ya kichupa kidogo. Vioo havipakwi hiyo, kwani mvuke wake huacha ukungu mweupe usiotoka. Vioo tulibandika kwa kole nyeupe ya maseremala, ambayo ikikauka haionekani.

Kazi ilichukua majuma sita, jioni tu, kwa taa ya betri umeme ukikatika. Nilimtazama binti yangu. Kabla ya kupaka kole alijaribisha kila kipande kikavu, mara mbili, mara tatu. Kipande kilichokataa hakukisukuma. Alikitazama, akakisugua kidogo, akakirudisha. Motere ile ni ya silinda 8, nne upande huu na nne upande ule, zimelala kama herufi V. Aliponiuliza kwa nini hazikupangwa mstari mmoja, sikuwa mtu wa kumjibu. Tukaenda wote wawili kwa fundi wa gereji iliyo chini ya shule. Alimfungulia motere ya kweli na kumwonyesha: silinda nane kwenye mstari mmoja zingehitaji pua ndefu mno, na ekseli ya ndani ingekuwa ndefu na nzito. Alirudi na mafuta kwenye mkono wa sare. Sare niliifua mimi, bila kunung'unika.

Basi, jambo lenyewe. Mwaka huu anamaliza mwaka wa 8, na karatasi ya kuchagua seksio imekwisha kufika nyumbani. Ameandika: mekanika. Baba yake mkubwa alisoma neno hilo kwa sauti kama anayesoma hukumu. Tate akauliza: "Mwanamuke na mafuta ya motere, ni wapi na wapi?" Wakataja ushonaji. Wakataja pedagojia, wakinitazama mimi, kana kwamba mama akiwa mwalimu binti ameshapangiwa.

Sikuwa na haja ya kugombana. Niliwasimulia habari niliyoisoma nilipokuwa nikitafuta asili ya vigari hivi. Mwaka 1930 Fisher Body, tawi la General Motors lililotengeneza miili ya magari, lilianzisha mashindano ya vijana yaliyoitwa Fisher Body Craftsman's Guild. Kijana alipata michoro, akajenga kwa mikono yake gari dogo la farasi la kifalme, na katika miaka iliyofuata gari alilolibuni mwenyewe. Washindi walilipiwa chuo kikuu. Zawadi ya juu ilifikia dola 5000. Chuck Jordan alishinda mwaka 1947, na baadaye akawa mkuu wa ubunifu wote wa General Motors. Kigari kilifungua mlango wa kiwanda. Mashindano yaliendelea mpaka mwaka 1968, na katika miaka hiyo yote yalikuwa ya wavulana peke yao. Hakuna aliyepima kama mikono ya wasichana inaweza. Hawakuitwa.

Lakini katikati ya miaka hiyohiyo kuna mwanamke aliyeingia General Motors kupitia mlango mwingine. Anaitwa Helene Rother, Mjerumani, mzaliwa wa Leipzig. Alikimbia utawala wa Hitler pamoja na binti yake mdogo, akapita Ufaransa, akakaa katika kambi ya wakimbizi Casablanca, akafika New York mwaka 1941. Wengi wetu tunaosoma barua hii tunajua kambi ni nini, na kufika mji wa watu na mtoto mmoja mkononi. Mwaka 1943 General Motors ikamwajiri Detroit, kubuni sehemu za ndani za magari: vitambaa, rangi, taa, vishikio vya milango. Baadaye akafungua ofisi yake mwenyewe na kubuni ndani ya magari ya kampuni ya Nash.

Tate alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na binti yake?" Nikamwambia kwamba binti ndiye aliyekuwa sababu ya kutafuta kazi upesi hivyo, kama ilivyo kwa kila mama. Hiyo aliielewa bila maelezo.

Niseme wazi ninavyoona mimi. Mekanika si seksio ya raha. Darasani atakuwa na wavulana 30 na pengine msichana mwingine mmoja, na watamchoka kwa maneno kabla hawajamzoea. Vyombo vya shule ni vichache. Sijui gereji ngapi mjini zitampokea kwa mafunzo ya kazi. Haya yote nimemwambia, kwa kuwa sitaki aende akidhani dunia ni kasha lenye karatasi ya michoro. Ila sababu moja sikubali kuisikia tena mezani pangu: kwamba mikono ya msichana haikuumbwa kwa kazi hiyo. Mikono inayochambua mchele, inayosuka nywele laini za mtoto, inayopitisha uzi kwenye sindano chini ya taa ya betri, ndiyo ileile iliyobandika ventilatere ya sentimeta 2 mbele ya motere ikazunguka bila kugusa kitu. Mimi nilijaribu ventilatere hiyo. Vidole vyangu vilikuwa vinene mno.

Baba yake bado hajatia sahihi. Hajakataa pia. Jumapili jioni nilimkuta amekaa peke yake na kamionete kiganjani, ameinua kifuniko cha motere kwa ukucha, anatazama ndani. Akauliza nani alibandika ule waya mwembamba unaopita pembeni. Haukuwamo kwenye kasha. Binti yake aliutoa kwenye kamba ya redio mbovu. Nilimjibu hivyo, akaendelea kutazama. Karatasi inatakiwa shuleni kabla ya mwisho wa mwezi.

Kasha la pili ni la kamioni, Peterbilt 359, lenye pua ndefu na mabomba mawili ya moshi yanayosimama nyuma ya chumba cha dereva. Vipande vyake ni vingi kupita vya kwanza, na bado hatujakata hata kimoja. Tutalifungua Jumamosi baada ya mkutano wa kikundi, nyumbani kwangu. Mwenye binti aje naye. Leteni vibanio vya nguo na tupa za kucha, kole ninayo.