Dhambi si jina letu



Mwezi huu mtoto mmoja darasani alichukua kalamu ya mwenzake. Tulipomuuliza, akajibu: "Mwalimu, si sisi sote ni wenye dhambi tu?" Tukanyamaza. Maneno hayo ameyasikia kwetu, tunayasema kila Jumapili. Yeye ameyafanya kisingizio.

Basi tukafungua barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho. Watu wale waligombana, walishtakiana mahakamani, wengine walilewa kwenye meza ya Bwana. Lakini mwanzoni kabisa Paulo anawaita watakatifu, halafu ndiyo anawakemea. Kwanza anawakumbusha wao ni nani.

Sisi tuliotoka Minago hatushindwi kuelewa. Mvuvi akirudi alfajiri ananuka ndagala, anakwenda kuoga. Hakuna anayemwita ndagala! Dhambi ipo, tunaitubu, lakini si jina letu.

Tena watakatifu si wa Biblia peke yake. Kule Buta, milimani Bururi, tarehe 30 Aprili 1997, wanafunzi wa seminari waliamriwa na watu wenye silaha wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wakakataa. Wakauawa wanafunzi 40. Walikuwa vijana wa shule, kama hawa wetu.

Yule mtoto amerudisha kalamu. Wazazi, akikosea nyumbani tusimwambie, "Wewe mwizi." Tumwambie, "Wewe ni mtoto wa Mungu, kairudishe."

Mungu atubariki sote.