Usitupe Namba za Kwanza

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zilinizidi. Leo tuzungumze kuhusu mvuke wa maji kwenye sayari ya Mirihi, ile ambayo wengi wetu tunaiita Mars. Najua kuna atakayeuliza: wewe na programu zako za matangi, Mirihi inakuhusu nini? Ngoja kidogo, nianze na tangi.

Mwaka juzi niliandikia mradi mmoja wa maji huko Makueni programu. Ndani ya tangi la lita 10,000 tuliweka kifaa cha kupima kina cha maji, nacho kilituma kipimo kila saa. Maji yakiisha, mhudumu wa pampu alipata ujumbe kwenye simu, akalijaza tena. Programu yangu ilipokea namba, ikakokotoa, ikahifadhi neno moja tu: LIMEJAA, NUSU, ROBO au TUPU. Namba yenyewe niliitupa. Niliona itajaza diski bure.

Baada ya miezi mitatu hesabu zikagoma. Tangi moja ni mitungi 500 ya lita 20, lakini mama anayeuza maji pale kioskini alileta pesa za mitungi 430, mara nyingine 460. Kamati iliiamini kompyuta. Mama akakatwa mshahara.

Nilipokwenda kukagua nikaona makosa ni yangu. Betri ikidhoofika, kifaa kilisoma chini ya kiwango halisi. Programu ikasema TUPU na maji bado yamo, pampu ikawashwa. Mama hakuiba. Lakini ni siku zipi, na mitungi mingapi? Kamati ilitaka hesabu kamili, na mimi nilikuwa na maneno manne tu.

Sasa twende Mirihi. Mwaka 1976 vyombo viwili vya Marekani, Viking 1 na Viking 2, vilianza kuizunguka sayari hiyo. Kila kimoja kilibeba kifaa kiitwacho MAWD cha kutafuta mvuke wa maji. Kazi yake ni rahisi kueleza. Mwanga wa jua hushuka, hugonga ardhi, kisha hurudi juu. Njiani, mvuke hunyonya sehemu ndogo ya mwanga usioonekana kwa macho, karibu na mikromita 1.38. MAWD ilipima sehemu 5 za mwanga huo: 3 pale maji yanaponyonya, 2 pembeni yasipogusa. Ukilinganisha, unapata kiasi cha mvuke.

Ni kidogo mno. Mvuke wote wa Mirihi ukigeuka maji na kutandazwa juu ya ardhi, kina chake kwa wastani ni kama mikromita 10, chembamba kuliko unywele. Kiangazi cha kaskazini, barafu ya ncha ikipata jua, kiasi huongezeka huko mara kadhaa.

Lakini angalieni vizuri: Viking haikupima mvuke. Ilipima mwanga. Ili kupata mvuke ni lazima ujue kanieneo ya hewa, na jinsi maji yanavyonyonya mwanga yakiwa ndani ya kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo hewa ya Mirihi. Mambo hayo hayakujulikana vizuri miaka ya 1970.

Desemba 2003 chombo cha Ulaya, Mars Express, kilifika kikiwa na kifaa SPICAM, kinachotazama sehemu ileile ya mwanga. Vipimo vyake vya kiangazi cha kaskazini vikawa chini ya vile vya Viking. Je, Mirihi ilikuwa imekauka, au hesabu ndiyo iliyokosea? Mwaka 2010 Anna Fedorova wa Moscow na wenzake walirudia vipimo vya Viking vyenyewe, wakavikokotoa upya kwa ujuzi mpya. Kiasi cha mvuke kikashuka, kikakaribiana na cha SPICAM. Chombo cha mwisho cha Viking kilichozunguka Mirihi kilikuwa kimezimwa tangu 1980, lakini namba zake za kwanza zilikuwa bado zipo.

Wale walihifadhi mwanga. Mimi nilihifadhi jibu.

Kamati ilimrudishia mama nusu ya pesa zake, maana ushahidi wa zaidi sikuwa nao. Nusu nyingine nilitoa mfukoni mwangu. Alizipokea, akazihesabu, akaniuliza: "Mwanangu, pesa nimeona. Na jina langu utalirudisha na nini?"

Sikuwa na jibu. Siku hizi programu ile huhifadhi kila namba jinsi ilivyokuja, pamoja na volti za betri na saa yake. Namba za mwaka mzima hazijazi hata megabaiti moja. Hiyo ndiyo nafasi niliyokuwa nikiibania.

Nanyi mnaoandika programu, leo kaangalieni mnatupa nini. Haya, tukutane tena wiki ijayo.